Kidole kimoja juu ya muundi

Kwa muda mrefu nilikuwa nikikimbia siku tatu kwa wiki kutoka Lamu mjini hadi Shela, mwendo wa kilomita tatu hivi, na maji yakipwa nikiendelea mbele ufukweni penye mchanga mgumu. Kisha nikaingiwa na tamaa, nikapandisha ghafla hadi siku sita, na wiki ya tatu haikwisha kabla muundi wa mguu wa kulia haujaanza kuuma.

Maumivu ya mwanzo ni yale yanayowapata wakimbiaji wengi: yalitanda kwenye ukingo wa ndani wa mfupa, urefu wa kiganja kizima, yakachoma nilipoanza kukimbia, yakapungua mwili ulipopata moto, kisha yakarudi jioni. Mfupa ni kitu hai ambacho hubomoka kidogo kidogo na kujengwa upya, na anayeuongezea kazi kwa pupa huuwahi kabla haujamaliza kujijenga. Nadhani mteremko wa pwani nao ulichangia, kwa sababu maji yakijaa hubaki mchanga ulioinama tu, na mtu hukimbia mguu mmoja juu na mwingine chini. Laiti ningepunguza mbio wakati huo na kuogelea badala yake, pengine ningepona baada ya wiki chache.

Badala yake mama mdogo alinikanda kwa mafuta ya nazi, nikapata nafuu ya siku mbili, nikarudi mbioni. Baada ya wiki mbili maumivu yalikusanyika mahali pamoja, padogo kama sarafu, na nilipopabonyeza kwa ncha ya kidole nilishtuka. Kushuka ngazi za nyumba kukawa taabu, na usiku mguu ukapwita hata nikiwa nimelala. Tofauti hiyo ndiyo ya kushika: maumivu yaliyotanda hutaka subira, bali yanayoonyeshwa kwa kidole kimoja, na yanayouma hata mtu akipumzika, huenda ni ufa wa mfupa.

Picha ya eksirei haikuonyesha kitu, nikaambiwa ni mzima. Ufa wa namna hii mara nyingi hauonekani kwenye eksirei katika wiki za mwanzo. Wangu ulionekana kwa kipimo cha MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku), ambacho kilinibidi nivuke maji hadi Mokowe, upande wa bara, na kusafiri hadi Mombasa kukipata. Ufa ukiwa mbele kabisa ya muundi, katikati, haufai kungojwa hata kidogo, kwa kuwa hapo hupona kwa shida na mfupa unaweza kuvunjika kabisa. Mwanamke anayekimbia sana huku hedhi imekatika miezi kadhaa amweleze daktari mapema, kwani mifupa yake iko hatarini zaidi.

Yapo pia yasiyohusu mfupa. Shavu la mguu likivimba na kupata joto upande mmoja, hasa baada ya safari ndefu ya basi, huenda damu imeganda. Na misuli ikikaza kama jiwe, unyayo ukafa ganzi na maumivu yasitulie kwa kupumzika, hospitali ni saa ileile.

Nilikaa wiki nane bila kukimbia. Leo alfajiri nimekimbia dakika mbili na kutembea mbili, mara tano, na njiani punda waliobeba mchanga wamenipita bila hata kugeuka.