Nchi iliyojenga Kikwajuni haimo kwenye orodha

Wiki ya tatu tangu nishuke uwanja wa ndege wa Unguja, na kuna jambo moja tu linaloninyima usingizi. Si joto, si msongamano wa Darajani, wala si bei ya pweza. Hayo wadogo zangu walikwisha kunieleza kwa simu miaka yote.

Nilikwenda ofisi moja kusajili cheti changu cha uhandisi wa majengo. Binti aliyenipokea ana adabu zake, kanipa na kiti. "Shikamoo ami. Umesoma nchi gani?" Nikamjibu: Ujerumani Mashariki, mji wa Weimar, 1985 mpaka 1990. Akashusha orodha ya nchi kwenye kompyuta mpaka chini, akaipandisha tena. "Ami, haimo. Labda unakusudia Ujerumani?" Nikamwambia ni Ujerumani, lakini si hiyo. Akanitazama kama mtu anavyomtazama mzee aliyepotea njia ya kwao, akaandika Ujerumani, akagonga muhuri.

Cheti changu kina tarehe ya Julai 1990. Nchi iliyokitoa ilikuwa imebakiwa na miezi mitatu isiyotimia kabla ya kuungana na Ujerumani Magharibi na kufutika.

Nilipotoka hapo miguu ikanipeleka yenyewe Kikwajuni, kwenye majumba ya ghorofa nilikokulia. Ngazi za zege zimelika katikati, nguo bado zinaanikwa barazani kama alivyokuwa akianika marehemu mama. Vijana walikuwa wamekaa chini wakichezea simu. Nikawauliza, haya majumba nani kajenga? Mmoja akanijibu haraka: "Wajerumani, ami. Walituonea huruma tulipokuwa masikini."

Hilo neno huruma ndilo lililonichoma. Nikakaa nao mpaka magharibi.

Niliwaeleza kwamba Januari 1964, tulipopindua, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani, ndiyo hiyo Ujerumani Mashariki, ilikuwa na umri wa miaka kumi na minne tu, na nje ya kambi ya kikomunisti hakuna aliyekuwa tayari kuitambua kikamilifu. Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, ilikuwa na sera yake, ile ya jina la ofisa wake wa mambo ya nje Walter Hallstein, tangu 1955: nchi yoyote itakayobadilishana mabalozi na Berlin Mashariki, Bonn inavunja nayo uhusiano. Yugoslavia ilivunjiwa 1957, Kuba 1963. Basi dola zima la Ulaya, lenye viwanda na jeshi, lilikuwa likizunguka Afrika kubisha hodi na hakuna aliyelifungulia. Waliofungua ni sisi, watu tusiofika laki nne, hata miezi miwili ya Mapinduzi haijatimia. Zanzibar ikawa ya kwanza Afrika kuwapa ubalozi.

Majumba yale ya Kikwajuni, na walimu, na madaktari, na nafasi za masomo zilizokuja kunipata mimi miaka ishirini baadaye, ni shukrani ya mlango ule. Ningependa kijana yule alijue hilo akiwa amekaa kwenye ngazi zile: kwamba babu yake alitoa kitu ambacho wenzao wote walikiogopa, na akalipwa.

Na bei yake tuliilipa pia. Ukaja Muungano Aprili 1964, na Bonn ikaikalia kooni Dar es Salaam: ubalozi wa Unguja ufungwe. Mzee Karume hakutaka kuwatupa marafiki zake. Mwalimu Nyerere akabanwa katikati, akatafuta njia ya tatu: ubalozi uondoke Unguja, Berlin Mashariki wapewe ubalozi mdogo Dar es Salaam, bila kutambuliwa rasmi. Bonn haikuridhika. Mapema 1965 ikakata msaada wake wa kijeshi, na wakufunzi waliokuwa wakitusaidia kuanzisha jeshi la anga wakaondoka. Mwalimu akawaambia wachukue na msaada uliobaki. Nchi changa, isiyo na kitu, ikakataa kuchaguliwa rafiki. Kila nikilifikiria jambo hili kifua kinajaa. Kutambuliwa kamili kulikuja mwisho wa 1972, Wajerumani wenyewe kwa wenyewe, Mashariki na Magharibi, walipotiliana saini mkataba, na Septemba 1973 wote wawili wakaingia Umoja wa Mataifa.

Sisemi kwamba walikuwa malaika. Niliishi kwao, nawajua. Nchi yao ilikuwa na mamia ya maelfu ya askari wa Kisovieti, na siasa yake ya nje haikuweza kwenda kinyume na Moscow. Watu wa usalama wao waliwafundisha kazi watu wa usalama wa hapa, na wazee wa Unguja wanajua nini kilitokea kwenye nyumba za watu miaka ile. Tena walipokwisha kutambuliwa na dunia, njaa yao ilibadilika. Kahawa ilipopanda bei 1977, walipeleka silaha Ethiopia wakapewa kahawa. Vijana wa Msumbiji waliofanya kazi viwandani kwao walikatwa sehemu kubwa ya mshahara, wakaahidiwa watalipwa kwao. Mpaka leo wapo Maputo wanaoandamana kuidai. Na mimi nilikula nao meza moja.

Katikati ya miaka ya tisini, nikiwa Berlin kikazi, niliona mashine zikilibomoa jumba jeupe refu la wizara yao ya mambo ya nje. Humo ndimo lilimokuwa faili la Zanzibar. Nilisimama pale mpaka vidole vikafa ganzi kwa baridi, na Wajerumani walikuwa wanapita na mikoba yao ya sokoni bila kugeuka. Sikudhani kwamba nitakuja kuliona jambo lile lile hapa kwetu, ndani ya kompyuta.

Mnaojiandaa kurudi na vyeti vya DDR, yaani vya Ujerumani Mashariki, msipoteze siku kubishana kaunta. Chukueni tafsiri yenye muhuri wa mfasiri aliyeapishwa. Chapisheni kifungu cha 37 cha mkataba wa kuungana Ujerumani mbili wa 1990, kinachosema vyeti vya upande ule vinaendelea kutambuliwa. Nilirudi na karatasi hiyo mara ya pili, binti akaitoa kopi, akaniuliza kwa upole: "Kwani ami, hiyo nchi ilikwenda wapi?" Mteja wa nyuma yangu alisubiri nusu saa nzima.

Kuna jengine. Ramani ya mji ya 1968, iliyotupa mistari ile ya majumba ya ghorofa ya Michenzani, ilichorwa na Mjerumani Mashariki, Hubert Scholz, lakini majumba yenyewe yalisimama kwa jasho la wananchi wa kawaida, na wengi hawajaandikwa popote. Mwenye picha za ujenzi, wa Kikwajuni au wa Michenzani, hata iliyochanika, aniazime nikaipige kopi. Kila siku baada ya alasiri nipo Kikwajuni, chini ya ngazi, na wale vijana. Jana walikuja saba.