Kumbukumbu ya mradi wangu: vishikwambi, balbu mbili na kidato cha pili

Mitambo imekaa sawa. Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo sana, yenye Kolibri, programu ya masomo isiyohitaji intaneti, iko juu ya kabati la darasa, inarusha Wi-Fi yake yenyewe, haidai bando. Inatumia volti 5, kwa hiyo umeme ukikatika naihamishia kwenye pawabenki inayotoa ampea 3 na kipindi kinaendelea. Vishikwambi ni vile vya Sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu. Wenzangu huniazima vyao, nami nawashukuru sana.

Havimtoshi kila mwanafunzi, na siku hizi sitamani vitoshe. Kimoja kwa wanafunzi wanne huzaa mabishano, na mabishano ndiyo ninayoyatafuta.

Wiki hii tumeingia kwenye umeme. Swali lilikuwa hili: balbu mbili zinazofanana zimeungwa kwa mfuatano kwenye betri moja, ipi itawaka zaidi? Kila mmoja aliandika jibu lake daftarini kabla ya kugusa kishikwambi. Utaratibu ni wa Eric Mazur, mwalimu wa fizikia pale Harvard aliyeanza kuutumia mwaka 1991: kila mtu ajibu peke yake, wajadiliane, kisha wajibu tena. Waliopata wakiwa kati ya asilimia 30 na 70, mjadala una tija. Wakipungua hapo, mwalimu arudi kueleza. Sisi tulikuwa ndani ya kiwango hicho. Waliokosa walikuwa na sababu moja: balbu iliyo karibu na ncha chanya ya betri "inakula umeme kwanza", ya pili inapata masalia.

Ndipo wakafungua maabara ya umeme ya kuigiza kwenye skrini, ya PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Waliunga sakiti, wakaweka ammeta, kipimo cha mkondo wa umeme, kabla ya balbu ya kwanza, katikati, na baada ya ya pili. Namba ileile kote, yaani balbu zote mbili zinawaka sawa. Hata hivyo wapo walioshikilia msimamo wao, hadi binti mmoja wa nyuma alipoigeuza betri, jambo ambalo sikuwa nimeliagiza. "Haya, sasa ya kwanza ni ipi?" akawauliza wenzake. Swali lake liliwageuza wengi kuliko ammeta, na mimi nisingeliuliza vizuri zaidi.

Mabishano yote nayaacha yaende kwa Kiswahili. Mwishoni kila kundi linaandika hoja yake kwa Kiingereza, maana mtihani unakuja kwa lugha hiyo.

Kolibri inanionyesha pia maswali ya zoezi waliyokosa wengi. Hayo ndiyo yanayopanga kipindi kinachofuata, badala ya azimio la kazi (mpango wa mada za muhula) peke yake.

Kinachofuata ni balbu za tochi na betri halisi. Balbu za dukani, hata za aina moja, mara nyingine haziwaki sawasawa. Nataka waeleze wenyewe kwa nini, kabla sijafungua kinywa.