Vyombo vya Majirani

Wapendwa katika Bwana,

Somo letu la juma hili ni Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, mstari wa 1 hadi wa 7: habari ya mjane na chupa yake ya mafuta. Nimelichagua kwa sababu ya mafuta mengine, yale ambayo bei yake hutangazwa tarehe 14 ya kila mwezi na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli. Hapa Kayole, mtaa wetu wa Nairobi, hatuhitaji kusubiri taarifa ya habari ili tujue kwamba bei imepanda. Alfajiri ya pili kondakta huwa ameshaongeza nauli ya kwenda mjini, na kando ya Barabara ya Jogoo wanaotembea kwa miguu huwa wengi kuliko jana yake, viatu vya kazini wamevitia mfukoni ili visichakae.

Wengi wetu tunaikumbuka Septemba ya 2023, lita ya petroli Nairobi ilipofika shilingi 211.64, miezi miwili tu baada ya kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta kupandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Asiye na gari naye alilipa, kwa maana nyanya za Kirinyaga hufika sokoni kwa lori, na lori hunywa dizeli. Mafuta taa nayo yalikuwa yameshapanda zamani, tangu mwaka 2018 ulipowekwa ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ili wafanyabiashara wasiyachanganye na dizeli. Kosa lilikuwa la wachanganyaji, lakini mzigo ulimwangukia mama anayepikia stovu katika chumba kimoja. Kuuliza kwa sauti kodi zetu zinafanya nini ni haki ya Mkristo kama ilivyo ya mwananchi mwingine yeyote, nami sioni kwamba maombi yanatuondolea wajibu huo.

Sasa turudi kwa mjane. Mumewe amefariki, mdai yuko mlangoni, naye anataka kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Nabii Elisha, ambaye mjane anamlilia, hamuulizi deni lilitoka wapi wala lilitumikaje. Anamuuliza ana nini nyumbani, naye ana chupa ya mafuta tu, kisha anamwagiza aende kwa jirani zake wote akaombe vyombo vitupu, wala asiombe vichache, ayamimine mafuta humo; nayo yakazidi kumiminika hadi vyombo vyote vikajaa, akayauza akalipa deni. Nimeisoma habari hii tangu nikiwa mtoto wa Shule ya Jumapili, na kila mara jicho langu lilikimbilia mafuta yanayomiminika. Juma hili limebaki kwenye vile vyombo.

Bwana angeweza kumjalia mama huyu faraghani, deni lake lisijulikane na yeyote. Badala yake alitumwa nje kwanza. Ilimbidi apite mlango kwa mlango, mjane ambaye huenda kijiji kizima kilikuwa kimeshasikia habari zake, akiomba mtungi hapa na chungu kule, huku kila mwenye nyumba akijiuliza vyombo vyote hivyo ni vya nini. Naamini hapo palikuwa pagumu kuliko kumimina. Tena Maandiko hayasemi kwamba majirani walikuwa na mafuta ya kumpa. Walikuwa na vyombo vitupu, na hivyo ndivyo walivyotoa. Chombo cha mwisho kilipojaa, mafuta yakakoma, kwa hiyo kila jirani aliyefungua mlango aliongeza kipimo cha muujiza ule bila kujua.

Dada mmoja wa ushirika wetu huwapamba waigizaji nyuso kabla ya kamera kuwashwa. Kazi hiyo hulipwa kwa siku, na siku isiyorekodiwa haina malipo. Hivi karibuni kikosi chake kiliahirisha kurekodi mara mbili, kwa kuwa fedha za dizeli ya jenereta na za magari ya kubebea vifaa hazikutosha. Alikuja kwenye maombi moja kwa moja kutoka huko, akaliweka sanduku lake la vipodozi chini ya kiti, na tulipomuuliza hali akasema ni njema. Wiki tatu baadaye ndipo tulipojua kwamba jioni ile alikuwa amekuja kwa miguu na kwamba alirudi kwa miguu, gizani. Mimi niliketi naye benchi moja. Niliona vumbi kwenye viatu vyake, nikadhani ni la njia ya kanisani.

Wako wahubiri wanaofundisha kwamba upungufu ni dalili ya imani haba. Sikubaliani nao hata kidogo, na nadhani mafundisho yao ndiyo yanayotufundisha kusema njema wakati si njema. Marehemu mume wa mjane huyu alimcha Bwana, Maandiko yanalitamka hilo wazi, na bado aliacha deni.

Basi naomba mambo mawili kabla ya Alhamisi. Asiye na nauli ya kuja kwenye maombi amwambie kiongozi wa kikundi mapema, bila kueleza sababu, nasi wa upande wa chini tutampitia tutembee pamoja. Na yule jirani anayebisha hodi jioni akiwa na chupa tupu ya soda, akiomba mafuta taa ya kuivisha ugali tu, tusimuulize ya jana aliyatumiaje. Kwangu alikuja Jumatatu. Nilipommiminia aliiinua chupa kwenye mwanga wa taa, akaiangalia, akaniuliza kama sisi tumebaki na ya kutosha.