Siku Moja Maishani Mwangu: Mlinzi wa Lango la Wakulima, Tamasha la Tende Liwa

Nyumbani mtu akisikia wewe ni sekyuriti Uarabuni, anakuona umeketi mlangoni pa hoteli, kiyoyozi kinakupuliza, kazi yako ni kusema karibu. Nikituma picha ya tamasha, nyuma yangu taa na hema kubwa jeupe, jamaa wanajibu kwamba nakula maisha. Naandika haya kwa ajili yao, na zaidi kwa vijana wa Pwani walioambiwa na ajenti kwamba kazi ya ulinzi ni kusimama tu. Kusimama kwenyewe ni kazi, na langoni mtu hasimami tu.

Liwa iko ndani kabisa, eneo la Al Dhafra, zaidi ya kilomita 200 kutoka jiji la Abu Dhabi, ukingoni mwa Rub' al Khali, lile jangwa la mchanga lenye ukubwa wa kilomita za mraba 650,000 hivi. Kwetu Lamu mwezi wa Julai ni kusi, watu wanalala na shuka. Liwa mwezi huohuo joto linafika nyuzi 45 na kupita. Wenye uwezo wamekwenda Ulaya, au Salalah kule Oman kutafuta mvua. Tende haiendi popote. Joto hilo linalotuchoma sisi ndilo linaloiivisha, na wenyeji wanaingoja mwaka mzima ile wanayoiita rutab, tende iliyokwisha kulainika lakini bado haijakauka. Kwa hiyo tamasha, lililoanza 2005, kwa kawaida hufanyika Julai. Mara ya kwanza nilipopangiwa nilishangaa nani atafunga safari kuja kustarehe kwenye jua hilo. Wanakuja, na wanakuja na bibi na wajukuu.

Saa tisa na nusu usiku

Naamka, naoga maji ambayo hata usiku bomba linayatoa ya moto, nasali, napiga pasi shati, naweka chupa mbili za maji kwenye friza ya kambi nizichukue zikiwa zimeanza kuganda. Chumbani tuko wengi, kwa hiyo kila kitu hufanywa gizani na kimyakimya.

Saa kumi na moja alfajiri

Basi. Wote wamelala mdomo wazi.

Saa kumi na mbili

Tunapanga mstari, supavaiza, Mnepali mpole mwenye macho makali, anakagua viatu, leseni na redio koli. Mimi napewa lango la magari ya wakulima, pamoja na Mganda mmoja aliyejifunzia Kiswahili jeshini, na huongea kwa amri hata akiomba chumvi. Nampenda kwa hilo.

Lango letu halipigwi picha. Wageni wanaingilia upande wa pili, kwenye mazulia na manukato. Kwetu zinapita gari za pikapu na Land Cruiser zilizobeba tende za mashindano. Kazi yangu ni kuangalia stika ya gari, kadi ya usajili na jina la mwenye shamba, kisha kuelekeza gari kwenye mapokezi. Masharti ya mashindano ni makali: tende ziwe za shamba lako mwenyewe, za msimu huu, na mwenye kadi athibitishwe. Majaji wanatazama ukubwa, rangi, kama zote zinalingana, kama kuna wadudu au ngozi iliyojikunja. Na haishii mezani. Kamati huenda hadi shambani kwa walioshinda, kuona mitende inavyotunzwa na maji yanavyotumika. Kwa hiyo gari linalopita kwangu limebeba kazi ya mwaka mzima ya familia, na mtu wa kwanza kuligusa kwa macho ni mimi.

Saa mbili hadi saa tano

Gari baada ya gari. Siku hiyo ilikuwa zamu ya khunaizi, tende nyekundu iliyokolea ambayo ikipangwa vizuri kwenye kikapu inang'aa mpaka unadhani imepakwa mafuta. Nilipofika nchi hii nilidhani tende ni tende, ile tuliyozoea kufuturia Ramadhani. Sasa nikiona kikapu najua khalas ya rangi ya asali, fardh ya hudhurungi, dabbas ndogondogo. Siku ya mashindano ya mkungu mzito zaidi huletwa mikungu inayoshinda uzito wa mtu mzima, wanaume kadhaa wanaibeba kama wanavyobeba jeneza, kwa hatua za pamoja, na wewe unasimamisha foleni nzima ili wasije wakaguswa na bampa.

Jua lilikuwa limekwisha kupanda. Joto la Liwa ni kavu, si kama la Abu Dhabi mjini au la Mombasa ambako jasho linakutiririka. Hapa jasho linakauka kabla hujaliona, linabaki chumvi nyeupe mgongoni mwa shati, na usipokunywa maji kwa saa yako, kichwa ndicho kitakachokuambia.

Saa tano na robo

Hapa ndipo siku ilipokaa.

Pikapu nyeupe ilikuja kasi, ikapita mstari wa koni, ikasimama kidole kimoja mbele ya goti langu. Dereva bwana wa makamo, kanzu imetota mgongoni, nyuma vikapu vinne vimefunikwa shuka lenye maji. Nikamsalimia, nikamwita arbab kama sisi wafanyakazi tunavyowaita wenyeji wenye mali, nikaomba kadi. Kadi ilikuwa na jina jingine. Nikamuuliza. Akasema ni la ndugu yake, shamba ni lao wote, fungua.

Sikufungua. Si mimi niliyeandika sharti, na mbele yangu walikuwa wamepita wengi ambao kadi zao zilikuwa sawa. Nikaita kwenye redio, supavaiza akauliza mapokezi, jibu likarudi: mwenye jina aje, au apige simu athibitishe na atume picha ya kitambulisho. Basi. Kwa mtu mwenye ndugu anayepokea simu, ni dakika tano.

Ndugu hakupokea.

Alipiga, akapiga tena, akamtuma mtoto wake apige kwa namba nyingine. Kila simu ilipokatika alinigeukia mimi. Kwanza kwa maneno ya kawaida, kwamba baba yake alizaliwa hapa, kwamba mimi nimekuja jana. Halafu kwa sauti. Akasema atanipeleka nyumbani kwa ndege ya usiku huo. Akatoa simu akaanza kunirekodi, akaielekeza kwenye kitambulisho changu kifuani, akilisoma jina langu herufi kwa herufi. Nyuma yake foleni ilikuwa imefika barabarani na watu wanapiga honi. Mganda akahamisha koni, akafungua njia ya pembeni, akaendelea kupitisha magari mengine huku akinitupia jicho. Hatukusemezana. Tulijua tu kwamba mmoja wetu akipandisha sauti, tumeshindwa wote wawili.

Mtu asiyejua kazi hii atauliza kwa nini usimwache apite, vikapu vinne vitamdhuru nani. Vitamdhuru mkulima wa kikapu kilichokuwa mbele yake, aliyeamka usiku kuchuma na akaja na karatasi kamili. Mashindano yana zawadi, na penye zawadi pana malalamiko. Lango likilegea mara moja, kesho kila mtu ana ndugu.

Lakini nilikuwa naona pia kinachomtesa. Alikuwa anafunua shuka kila baada ya muda, anagusa tende kwa nyuma ya kidole, anafunika. Rutab haivumilii. Inaendelea kuiva hata ikiwa kikapuni. Joto likizidi inalegea, ngozi inaachana na nyama, ile iliyokuwa ya kuonyesha saa nne inakuwa ya kula tu saa saba. Mzee mmoja aliwahi kunieleza kwamba zamani baadhi ya watu wa Liwa walikuwa wanashuka baharini majira ya joto kupiga mbizi za lulu, na wanaobaki ndio wanaolinda mitende mpaka tende ziive, maana zikiharibika hakuna chakula cha mwaka. Ukoo unaotawala Abu Dhabi wenyewe asili yake ni huku Liwa, kabla ya kuhamia kisiwani mwishoni mwa karne ya 18. Kwa hiyo bwana yule aliponifokea kuhusu baba yake, nilielewa hakuwa anajisifu. Alikuwa anaona kitu cha baba yake kinaharibika mbele yake na mgeni amesimama na karatasi.

Saa sita na nusu inafika, na hapo kuna sheria nyingine. Kuanzia 15 Juni hadi 15 Septemba, saa sita na nusu hadi saa tisa alasiri, hairuhusiwi kumfanyisha mtu kazi kwenye jua la moja kwa moja. Supavaiza akatuita ndani ya kibanda, tuendelee na karatasi kupitia dirishani. Kibanda kina esi moja, meza moja, viti viwili. Bwana akatufuata hadi dirishani, bado anafoka, lakini sasa sauti imekauka.

Nikamwambia alete vikapu ndani.

Hakunielewa mara ya kwanza. Mara ya pili akakataa, akidhani nataka kuvishika. Nikamwambia sitavigusa, aweke mwenyewe, akae navyo mwenyewe, mpaka ndugu apokee. Akanitazama muda mrefu. Kisha yeye na mwanawe wakaviingiza kimoja kimoja. Vikapu vinne vilimaliza sakafu yote. Viti tukavitoa nje, mimi na Mganda tukasimama tumebanwa ukutani, miguu tumeiweka kwenye nafasi zilizobaki, tukiwa tunapokea kadi za watu dirishani kwa kunyoosha mkono juu ya tende. Esi tukaipandisha mpaka mwisho. Mtoto akachuchumaa katikati, akawa anapepea kwa kadibodi. Hakuna aliyesema neno. Nilikuwa na njaa, chumba kizima kinanukia asali, na hata moja sikuiwaza kuichukua. Hilo nalisema kwa sababu watu husema mengi kuhusu walinzi.

Ndugu alipokea karibu na saa saba na nusu. Alikuwa amelala. Picha ya kitambulisho ikaja, mapokezi wakajibu sawa, bwana akabeba vikapu vyake. Hakushukuru. Kabla ya kupanda gari akaniuliza tena jina langu, akaliandika.

Alasiri

Sikumbuki vizuri saa. Nilikula wali uliokuwa umepoa, nikarudi kwenye koni. Upepo wa shamali ukaanza kuinua mchanga, ukaingia machoni, kwenye redio, kwenye mfuniko wa chupa. Magari yanayotoka sasa yalikuwa mengi kuliko yanayoingia. Miguu ilikuwa inadai.

Zamu yangu huisha saa kumi na mbili jioni. Walinzi wa usiku hawakuwa wamefika, basi lao lilikwama nyuma ya foleni, tukaambiwa tushikilie, na mimi nikahamishiwa mlango wa hema la soko la kazi za mikono. Ndivyo nilivyoliona tamasha lenyewe, kwa bahati ya kuchoka.

Baada ya magharibi watu wanamiminika. Watoto wana jukwaa lao la michezo na maswali ya zawadi. Wanaume wanasimama safu mbili wakitazamana, fimbo nyembamba mkononi, wanainamisha vichwa na kuviinua kwa mapigo ya ngoma. Ni ayala, ngoma ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha yake ya urithi mwaka 2014. Nikatazama na kuiona goma ya kwetu Lamu, zile bakora, lile yumbo la pamoja. Ndani ya soko kina mama wamekaa chini wanasuka majani ya mtende: vikapu, mikeka, makawa ya kufunikia chakula. Bibi yangu alikuwa akisuka kwa ukindu, na mkono ulikuwa unakwenda vilevile, kidole gumba kinabana, kingine kinapitisha. Nilitamani aone.

Mama mmoja mtu mzima, anatembea na mjukuu, akanisikia nikiongea na Mganda kwenye redio. Akasimama.

"Wa wapi wewe, mwanangu?"

"Shikamoo, bibi. Wa Lamu."

"Marahaba. Mimi nilizaliwa Unguja, mtaa wa Malindi. Tuliondoka sitini na nne, mimi kigori." Akanitazama midomo iliyopasuka. "Umekula?"

"Nimekula, bibi."

"Umekula lini?"

Nikacheka. Akamtuma mjukuu kuniletea maji baridi, akasimama palepale mpaka nikayamaliza, kisha akaniuliza choo cha wanawake kiko upande gani.

Tulishushwa kambini usiku mkubwa. Wenzangu walikwenda kulala moja kwa moja. Mimi nilikuwa na ripoti ya tukio ya kuandika, kwa sababu yule bwana alipeleka lalamiko, na video. Niliandika kila kitu kwa saa yake: alipofika, kadi ilisema nini, nilimwita nani kwenye redio, vikapu viliingia kibandani lini na kutoka lini. Mganda akaandika yake kando, hakutazama yangu, na supavaiza alipozilinganisha zilikubaliana. Akasaini. Akasema video yenyewe inanionyesha nimesimama mikono nyuma mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo nilale bila wasiwasi.

Kisha akaniambia kesho anaweza kunipumzisha, anipeleke hema la watoto, ndani, penye baridi. Nikamwambia aniache langoni. Kesho inaingia khalas, wenye kuileta ni wengi, na nimekwisha kujua wanavyokuja. Niliomba tu Mganda abaki nami, na kibandani tupatiwe meza ndefu ukutani, ili mtu akikwama tena tende zake ziwe na pa kuwekwa.