Kumbe

"Kumbe daftari la binti lina kazi!"

Ndivyo alivyosema Injinia kwenye kikao cha saiti Jumanne, na leo Ijumaa hiyo kumbe bado inanigonga kichwani. Mdogo wangu kavalishwa pete, umeme umekatika siku mbili, wakubwa kutoka makao makuu wamepita na msafara wao hata chai hawakunywa. Hayo nitayasimulia siku nyingine. Kumbe!

Daftari langu mnalijua. Shajara ya saiti: vibarua wangapi leo, greda limewaka au limelala, kalavati lipi limemwagwa zege, na mvua. Saa tatu kamili asubuhi nasoma kipimo, naandika milimita. Miezi minane sasa wananiita Bi Mvua.

Basi mkandarasi kaleta barua, anadai aongezewe siku 21, eti mvua. Barua imefika ndani ya siku 28 kama mkataba unavyotaka, hapo hana kosa. Injinia akageuka: "Daftari liko wapi?" Tukahesabu mstari kwa mstari. Siku ambazo mvua ilisimamisha kazi ni 9, ongeza 3 za kungoja udongo ukauke, maana kushindilia tope ni kujisumbua. Jumla 12. Kikao kimya. Ndipo ikaja hiyo kumbe.

Nimeijaribu mbele ya kioo kwa sauti zote. Kumbe ya kustaajabu. Kumbe ya kuomba radhi. Kumbe ya mtu aliyegundua mtoto wa jirani anajua kusoma. Hiyo ya tatu ndiyo inayofanana na ya Injinia. ("Binti" nimemsamehe, ingawa nina miaka 34.) Shoga yangu kaniambia kwenye simu, "We shukuru, wenzio hawatajwi kabisa."

Nikaamua kushukuru. Jana usiku nikalifungua daftari kwa raha zangu, kama mtu anavyotazama picha za harusi yake. Nikafika tarehe 17. "Hakuna mvua. Vibarua 22." Mwandiko wangu, wino mwingine.

Tarehe 17 sikuwepo. Nilikuwa hospitali na Mama, ile siku ya presha. Nilirudi saiti asubuhi ya tarehe 18, nikamkuta mlinzi getini, nikamuuliza, akasema jana palikuwa pakavu, nikajaza. Mstari unaofuata: tarehe 18, saa tatu, milimita 31. Na kipimo cha asubuhi kinabeba mvua yote tangu saa tatu ya jana yake. Ilinyesha mchana au usiku? Yule ni mlinzi wa usiku, ya mchana angeyajuaje? Na hao 22, nani aliwahesabu?

Ni siku moja tu. Lakini kila siku mkandarasi anayochelewa kumaliza ina faini yake, na Jumatatu Injinia anasaini majibu. Nimeandika ujumbe wa kumweleza, nimeufuta, nimeuandika tena. Haujatoka.

Mama naye vidonge vyake vimebaki vitatu, na yule wa duka la dawa tangu jana hapokei simu.