Tk, tk, tk, halafu kimya

Nilidhani ni mjusi kafiri. Chumba changu pale Igombe, kando ya Ziwa Victoria, Mwanza, kilikuwa na mijusi darini, na mjusi akijisikia hugonga hivyohivyo: tk, tk, tk, halafu kimya. Wiki nzima nikawa naandika hesabu usiku huku nikimsikiliza, hadi jioni moja nilipoifunga laptopu na mjusi akanyamaza naye papo hapo. Nikaifungua. Akaanza tena.

Ilikuwa 2013. Nimemaliza chuo, kazi hakuna, mama mdogo akanichukua niwe karani wa mitumbwi yake mitatu ya dagaa. Kabla yangu hesabu zake zote zilikaa kwenye kaunta buku lenye harufu ya samaki, na mimi kwa ujuaji wangu nikamwachisha. Nikamwambia mambo ya daftari yamepitwa na wakati. Kila alfajiri nilisimama ufukweni, mitumbwi ikifika nikawa naandika ndoo kwenye kipande cha boksi, pamoja na mafuta ya karabai na nani kachukua advansi ya kiasi gani. Nikirudi nyumbani naingiza kwenye Excel, boksi linaenda jikoni kuwashia moto.

Asiyejua dagaa wa Ziwa Victoria aelewe kitu kimoja: wanavuliwa gizani. Taa huwavuta wakati wa giza tu. Mwezi ukishajaa, karabai haifui dafu, kwa hiyo mitumbwi inapandishwa mchangani siku kadhaa, nyavu zinashonwa, watu wanalala usiku kama binadamu wengine. Kwetu ndipo mgawo ulipofanyika. Gharama zinatolewa, advansi zinakatwa, kinachobaki wanagawana mwenye chombo na wavuvi. Siku hiyo haina utani. Mtu aliyekesha majini giza zima hataki kusikia habari za kompyuta.

Zilikuwa zimebaki siku nne mwezi ujae laptopu ilipogoma kuwaka. Ilionyesha maandishi meupe kwamba diski inakaguliwa, ikafika asilimia 12, ikaganda. Nikaizima kwa kubonyeza kitufe, nikaiwasha. Nikaizima, nikaiwasha. Mwishowe nikaiacha ijikague usiku kucha, mimi nimelala, yenyewe inagonga. Kumekucha, asilimia 12.

Fundi wa kwanza, wa jirani, hakuifungua hata. "Windows imechoka hiyo, kaka. Nakupigia mpya, elfu kumi na tano." Nikimuuliza mafaili, akasema tutaona. Ningependa kuandika hapa kwamba nilikataa kwa busara. Ukweli ni kwamba sikuwa na elfu kumi na tano. Angeifomati na kupiga Windows juu yake, hesabu za watu zingefukiwa hapohapo.

Kisha rafiki yangu mmoja akanipigia simu na dawa ya uhakika: diski itolewe, ifungwe kwenye nailoni, igandishwe kwenye friza usiku mmoja, itaamka. Nilikuwa nimeshafungua friza, natafuta nafasi kati ya sato wawili, mama mdogo akatokea nyuma yangu.

"Hicho nacho ni chakula, baba?"

Ikabidi nimweleze. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunga friza polepole, akasema, "Kaunta buku lingekuwa halijaharibika." Hakuongeza neno. Afadhali angenigombeza.

Kesho yake nikapanda daladala mpaka mjini, nikaulizia eneo la Makoroboi mpaka nikaelekezwa kwa kijana mmoja mwenye meza upana wa trei, simu zilizopasuka upande huu, diski upande ule. Aliishika yangu, akaiunga na umeme, akaisogeza sikioni. Sekunde mbili tatu tu, akaikata.

"Umeiwasha mara ngapi tangu ianze kulia?"

"Kama ishirini. Na usiku mmoja mzima."

"Sasa hapo ndipo ulipoiumiza."

Akanieleza kwa maneno ambayo sijayasahau. Ndani ya diski mna sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na vichwa vya kusomea vinaelea juu yake bila kugusa, nafasi yenyewe haifiki hata unene wa unywele. Ule mlio ni kichwa kinashindwa kusoma, kinarudi pembeni, kinajaribu tena. Kila jaribio linaweza kuchubua. Sekta, yaani kipande kidogo cha sahani kinachoandikwa data, ikiharibika, diski yenyewe huhamishia kazi kwenye sekta za akiba kimyakimya, ndiyo maana kwa muda mrefu mwenyewe huoni tatizo. Kinachopanda ni idadi tu ya sekta zilizohamishwa, ambayo diski huiweka na mimi sikuwahi kuitazama. Habari ya friza ilimchekesha. "Ukiitoa inatoa jasho ndani kama chupa ya soda. Unyevu juu ya sahani, wewe!"

Hakuhangaika na Windows. Alichomeka fleshi yenye Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, nikanunua diski ya nje ya GB 500 kwa pesa ya kukopa, akaanzisha programu inaitwa ddrescue. Kilichonivutia ni adabu yake. Haing'ang'anii palipoharibika. Inakwenda kwanza kuchukua panaposomeka kirahisi, inaparuka penye taabu, inaandika kwenye faili dogo la ramani kila ilipopita na kila ilipoparuka. Ikimaliza ndipo inarudi kwenye madonda, kidogo kidogo. Diski yangu ya GB 320 ilitoa sehemu kubwa mchana huohuo. Zikabaki MB 900 na kitu, na hizo zilitula siku mbili.

Usiku wa kwanza umeme ukakatika. Nilikuwa nimekaa naye kibandani, mtaa mzima giza, skrini yake tu inamulika, namba zinatambaa. Betri ikashuka mpaka asilimia tisa. Mimi natoka jasho, yeye anakula karanga. Akasimamisha programu, akazima kila kitu. "Ramani ipo. Kesho inaanzia hapa hapa." Na kweli, asubuhi ilianzia palepale.

Mwisho wa yote zilishindikana MB 41. Ukisikia MB 41 katika GB 320 utasema si kitu, ila inategemea zimeangukia wapi. Picha za send-off ya dada yangu nyingi zilirudi nusu, juu mtu, chini kijivu. Hadi leo bibi harusi wetu hana miguu. Faili la hesabu za mitumbwi liligoma kabisa kufunguka. Fundi akachimbua nakala ambayo Excel ilijihifadhia yenyewe pembeni. Ilikuwa nzima, ila iliishia siku ya tisa ya giza. Siku kumi na moja hazikuwemo.

Tukakaa chini ya mwembe, mama mdogo kwenye kigoda, wavuvi kwenye nyavu, mimi na kaunta buku. Aliuliza usiku mmoja mmoja. Usiku wa upepo? Ndoo nane. Usiku nyavu zilipochanika kwenye mwamba? Nne, na mbili tulikula hasara. Walikumbuka kwa mawingu na kwa nani aliumwa tumbo. Nilijiandaa kwa ugomvi, na ulikuwepo, wa ndoo mbili, dakika kama kumi hivi. Kilichonitoa machozi ni advansi. Mzee mmoja nahodha alisema, "Mimi niandike elfu arobaini," na hakuna aliyekuwa na ushahidi wowote dhidi yake. Wengine wakafuatia, mmoja mmoja, wengine kwa kusuasua.

Diski mbovu nilirudi nayo. Vijana wakaifungua kwa bisibisi, wakatoa sahani: inang'aa, ndogo kuliko kisosi, na karibu na ukingo ina duara moja jembamba la kijivu, kama ukucha umepitishwa. Kijana mmoja wa mtumbwi wa pili akaiomba. Giza lililofuata nilimkuta asubuhi amekaa ukingoni mwa mtumbwi, kaiegemeza kwenye karabai, ananyoa ndevu.