Kumpiga, siyo kuwapiga

Juzi umeme ulikatika tuko sebuleni na baba mdogo, simu yangu ina chaji, nikamwekea ile hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978, ile aliyowaambia wazee wa Dar pale Diamond Jubilee baada ya askari wa Idi Amin wa Uganda kuvuka mpaka na Amin kutangaza eti ardhi yote mpaka mto Kagera ni yake. Siku hizi tunaitumia kwenye utani wa Simba na Yanga tu, uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Ila ukiisikia yenyewe unashangaa, mzee anaongea kama mwalimu anayerudisha madaftari na darasa zima limefeli.

Kilichonishika ni kwamba ameanza na uwezo. Jamani, uwezo ndo ulikuwa kipengele chenyewe! Ilibidi malori ya watu yachukuliwe kubebea askari, mgambo wakaitwa. Lakini ukianza na sababu ni kama unaomba ruhusa, na Mwalimu hakuwa anaomba. OAU, umoja wa nchi za Afrika wa enzi hizo, walipotaka kusuluhisha akawaambia kwanza laanini uvamizi, hawakulaani, naye akagoma. Heshima kwake nadhani ilikuwa hapo, maana medali Amin alikuwa nazo kifua kizima na akajiita mshindi wa himaya ya Waingereza, huku Mwalimu maisha yake hajawahi kuwa hata koplo.

Halafu sikiliza neno, uwezo wa kumpiga tunao. Kumpiga. Hasemi kuwapiga. Adui ni mtu mmoja, Waganda hawamo, na kweli Kampala ilipoanguka 11 Aprili 1979 wapiganaji wa Kiganda waliokuwa uhamishoni walikuwepo upande wetu. Uzalendo wa hivo siuoni sana siku hizi, kila mtu akiitetea nchi yake lazima atukane jirani kwanza.

Baba mdogo hakuwa na muda na uchambuzi wangu. Yeye alikuwa shule ya msingi, anachokumbuka ni baada ya vita, kuambiwa wafunge mkanda miezi 18, na foleni ya sabuni ambapo unaacha jiwe lako likushikie nafasi ukirudi unakuta jiwe limetupwa. "Hiyo miezi 18 mpaka leo sijui iliisha lini," akasema. Akanyamaza kidogo.

"Hebu irudishe pale pa tutampiga."

Nikarudisha. Gizani namsikia anaifuata kwa mdomo, neno kwa neno, mpaka kwenye makofi.